Siku Thelathini za Baiskeli ya Papa

Mimi ndiye niliyemletea papa, baba yetu, ile namba, kwa hiyo sehemu ya lawama kwa yaliyompata bibi harusi wetu ni yangu. Aliingia ukumbini na njaa, shela yake imebadilika rangi kwa vumbi la Kisangani, na mpaka leo akikutana nami hanisalimu kwanza. Ananiuliza: "Papa iko ngapi leo?"

Nieleze taratibu. Ninafundisha hesabu katika shule moja ya sekondari huku Makiso, na kueleza taratibu ndiyo kazi pekee ninayoiweza bila kuchoka.

Papa alipostaafu ofisini hakuna aliyeiambia miguu yake kwamba imestaafu pia. Kila asubuhi saa moja na nusu alitoka nyumbani, katika komini ya Tshopo, na baiskeli yake nyeusi, akashuka mpaka mjini, akasimama mbele ya ofisi yake ya zamani, akasalimiana na mlinzi, kisha akarudi. Mlinzi alidhani anafuatilia mafao yake. Mama alidhani anafuatilia mtu. Mimi nilidhani anafuatilia ile saa moja na nusu yenyewe, maana aliizoea kuliko alivyotuzoea sisi.

Basi nikamwekea katika simu yake programu ya kuhesabu kilomita. Simu ilikuwa na kioo kilichopasuka kutoka kona mpaka kona, lakini ilihesabu vizuri. Kwa wiki chache papa alifurahia kuona jumla ikipanda. Kisha akachoka. Jumla, aliniambia, ni kama umri: inapanda hata kama hufanyi lolote la maana.

Hapo nikamweleza ile namba. Wapo waendesha baiskeli duniani wanaojipima kwayo, na ni rahisi kuliko inavyosikika mara ya kwanza. Mama alikuwa karibu, na kwa kuwa amefanya biashara ya samaki wa moshi sokoni maisha yake yote, nilimtumia yeye.

"Mama, tuseme uko na kikapu moja na ndani samaki mia. Wewe ni mama ya moja. Tuseme uko na vikapu mia, na kila kikapu samaki moja tu. Wewe ni mama ya moja vilevile. Ili tukuite mama ya tano, unahitaji vikapu tano, na ndani ya kila moja samaki tano ao zaidi."

"Bon," mama alisema. "Na wa vikapu kumi?"

"Samaki kumi ao zaidi katika kila moja ya vile kumi. Sasa, kikapu ni siku. Samaki ni kilomita. Papa akiwa na siku kumi, na kila siku aliendesha kilomita kumi ao zaidi, namba yake ni kumi."

Mama alifikiri. "Na samaki wakioza?"

"Kilomita hazioze, mama."

"Utaona," alisema, akarudi jikoni.

Ninaipenda namba hii kwa sababu haimjali mtu wa siku moja. Unaweza kuamka na wazimu ukaendesha mpaka ukaanguka, na namba ikakutazama tu. Inataka urudie. Yangu mimi ni kumi na moja, kwa sababu kutoka nyumbani hadi shuleni, kwenda na kurudi, ni kilomita kumi na moja na vipande. Msicheke. Kama yako ni tatu, ni tatu yako, na kesho unaweza kuanza kuitafuta nne.

Papa aliichukua namba kama mtumishi wa serikali anavyochukua waraka kutoka juu: bila kuongeza, bila kupunguza. Kila alipopanda ngazi moja alisoma kiasi kinachotakiwa na kutoa hichohicho. Akitafuta ishirini, aliendesha ishirini. Simu ikionyesha ishirini naye yuko nyumba nne kabla ya kwetu, alishuka, akazima programu, akaisukuma baiskeli kwa mguu mpaka mlangoni. Majirani walimwuliza kama tairi limetoboka. "Tairi ni mzima," alijibu. "Kazi ya leo imeisha."

Hivyo, pole pole, alifika ishirini na nne. Hapo ndipo pikipiki moja ilipomgusa karibu na soko, akaanguka mtaroni, na yaya akaingia katika habari hii.

Yaya ni kaka yetu mkubwa. Anauza mabati na misumari mjini, ana sauti ya mtu anayeuza mabati na misumari, na anampenda papa kwa namna inayofanana na ugomvi. Goti la papa lilichubuka tu, lakini yaya alilitazama kama amepewa maiti. Wiki ile tulikuwa tumeketi nyumbani kupanga ndoa ya mdogo wangu wa kiume, na yaya, badala ya kuzungumzia viti na jenereta, alisema kinga lazima iondoke. Kinga ndivyo tunavyoiita baiskeli.

"Papa, umri yako na kinga haviende tena pamoja. Nimeshaongea na yule mutu ya toleka hapa jirani. Ataichukua, ataifanya toleka, atabebea watu kwa malipo. Wewe ukitaka kwenda mjini, nitakulipia pikipiki."

"Pikipiki ndiyo iliniangusha," papa alisema.

"Donc unataka ikuangushe tena?"

"Ninataka kukaa juu ya kinga yangu."

Nilimwona mama akimenya vitunguu, polepole zaidi kuliko kawaida.

Hapo papa akaniuliza mbele ya wote namba yake ni ngapi. Nikasema ishirini na nne. Akamgeukia yaya. "Siku ya ndoa, kama haijafika makumi tatu, kinga iende kwa mutu wa toleka. Kama imefika, usiiseme tena mpaka siku ya kunizika. Na hata siku ile, useme polepole."

Yaya alihesabu kwa vidole. Kutoka ishirini na nne hadi thelathini ni sita. Ndoa ilikuwa bado miezi mitatu. Nilidhani atakataa, maana sita inaonekana ndogo. Lakini alitabasamu, akaninyooshea kidole. "Madame le prof ndiye juge?"

"Ndiye hakimu," papa alisema.

"Tunakubaliana."

Yaya alitabasamu kwa sababu alikuwa ameniuliza mapema, kama mtu anayependa hesabu, na mimi, kwa ule ugonjwa wangu wa kueleza, nilikuwa nimemweleza kila kitu. Papa hakujua bado. Ilibidi nimweleze jioni ileile, sote wawili tumeketi uani na ile simu iliyopasuka.

"Papa, kwa namba ya makumi tatu unahitaji siku makumi tatu, na kila moja iwe na kilomita makumi tatu ao zaidi."

"Ninajua. Nina ishirini na nne. Bado sita."

"Zile ishirini na nne ni za kilomita ngapi?"

"Ishirini na nne."

Nilingoja. Mwanafunzi mzuri huonekana usoni kabla hajafungua mdomo, na papa alikuwa mwanafunzi mzuri. Nilimwona akizipitia zile siku moja moja, zote zimekatwa sawasawa kwenye nyumba ya nne, hakuna hata moja iliyozidi kwa umbali wa kumpigia mtu kelele. Zilizofika thelathini zilikuwa chache tu, za zamani, alipokuwa akienda kumwona ndugu yake kwenye barabara ya Buta.

"Donc siku zangu zote zimekufa?"

"Hazikufe, papa. Zimestaafu. Kama wewe."

Alicheka mpaka akashika lile goti. Kutoka jikoni sauti ya mama ilitufikia: "Nilisema wataoza!"

Baada ya hapo aliendesha kweli. Alivuka daraja la mto Tshopo asubuhi ukungu haujaondoka, akaenda upande wa Buta, akarudi akiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na matanga mawili, kulikuwa na malaria iliyomlaza wiki nzima akiuliza kila saa kama kilomita za ndotoni zinahesabiwa. Nilimwambia hapana, lakini zinasaidia. Zile siku zilijaa moja moja.

Kisha akafanya ujanja.

Siku moja alirudi na simu inayoonyesha kilomita themanini na kitu. Shati lake lilikuwa kavu. Alinipa simu kwa heshima kubwa, kama anayekabidhi hati.

"Papa, umeendesha hizi zote?"

"Simu inaongopa?"

"Simu haiongopi. Lakini hata kama ni kweli, papa, hiki ni kikapu moja. Samaki themanini, kikapu moja. Ni siku moja tu."

Uso wake ulisinyaa. Kumbe alikuwa amedhani hizo themanini zingegawanywa. Alikuwa tayari kubishana nami, lakini mama alikuwa ameshaichukua simu mkononi mwangu. Mama hajui mambo ya programu, ila ramani ni ramani, na mji wake anaujua.

"Hapa ulisimama saa nzima. Hapa ni wapi?"

"Wapi?"

"Hapa, karibu ya bandari. Si ndiyo pale wanauza bia chini ya mabati ya bluu? Na hapa, Mangobo. Umeingia katika parcelle ya mutu, umekaa, umetoka. Nyumba ya nani?"

Papa alinitazama. Mimi nilitazama ukuta.

"Nakuuliza kwa upole," mama alisema, na sauti ilikuwa ya upole kweli, ndiyo maana sote wawili tuliogopa. "Mutu wa miaka yako, mume yangu, na goti ile. Alikupokea nani Mangobo?"

Papa alikuwa na njia mbili. Angeweza kubaki na kilomita zake na bibi wa Mangobo asiyemjua, au kubaki bila vyote viwili. Alichagua haraka.

"Nilimupa mutu wa toleka simu. Aliibeba katika mufuko siku nzima. Mimi nilikuwa kwa kinyozi."

Ni yuleyule mtu wa toleka aliyekuwa akingojea baiskeli! Mama alicheka akakaa chini, na alipoweza kusema tena alidai tumwite yule jirani athibitishe. Alikuja akathibitisha kwa aibu: parcelle ya Mangobo ilikuwa ya mama mkwe wake, na bia ilikuwa moja. Mimi kama hakimu niliifuta siku ile, na papa hakukata rufaa.

Asubuhi ya ndoa alikuwa na siku ishirini na tisa safi. Ilibaki moja.

Yaya hakufanya udanganyifu, nataka kumtendea haki. Alifanya programu ya ndoa. Alipanga saa za kanisa, saa za picha, saa za suti, zote zikakaa bega kwa bega bila nafasi ya kupitisha hata gurudumu. Papa aliamka kabla yake. Alikuwa ameshazunguka kilomita kumi na moja kulipopambazuka vizuri, na yaya akamkuta njiani, akamshusha kwa adabu, akamvika suti, akaifungia baiskeli stoo, akaweka ufunguo mfukoni. "Leo ni siku ya furaha, papa," alimwambia. "Usijichoshe."

Kanisani papa alikaa kama mtu anayesikiliza hukumu badala ya misa. Kila mara alishika mfuko wa koti, mahali ilipokuwa simu. Kumi na moja. Nilimhurumia, na nilijua siwezi kumsaidia, maana hakimu anayeongeza kilomita hana kazi tena.

Tulipotoka nje, kwenye ngazi, huku tarumbeta zikilia, pale mbele ya gari la kwanza la msafara ilisimama baiskeli nyeusi. Imefungwa utepe mweupe kwenye usukani, maua kwenye kibebeo, puto mbili nyuma. Mama alisimama pembeni yake akirekebisha kitambaa cha kichwa.

"Nani amefungua stoo?" yaya aliuliza.

"Wewe ulizaliwa katika nyumba ile," mama alimjibu. "Unafikiri kufuli iko na ufunguo moja?"

Sababu yake alinieleza mimi baadaye, na ilikuwa fupi. Kinga ikiondoka, papa angebaki nyumbani mchana kutwa, amesimama nyuma yake jikoni, akiuliza mboga ya pondu imebaki dakika ngapi. Miezi yote ile mama hakuwa akipigania furaha ya mtu. Alikuwa akipigania jiko lake.

Sasa lazima mjue jambo moja kuhusu ukoo wetu. Kwetu, mtoto akioa au akiolewa, baba yake ndiye anayetangulia msafara kutoka kanisani mpaka ukumbini, na hakuna anayempita. Babu alitangulia kwa miguu. Baba zangu wadogo wametangulia kwa pikipiki, kwa lori, mmoja kwa trekta. Namna ya kutangulia ni yake. Kumpita ndiko kusikowezekana, ni sawa na kumwambia aondoke katika ndoa.

Papa alikunja suruali ya suti mara mbili, akapanda, akapiga kengele. Watu wa upande wa bibi harusi walipiga makofi. Walidhani ndiyo desturi yetu ya siku zote, na nani angewaambia sivyo?

Yaya aliendesha gari la kwanza, mimi pembeni yake, mama nyuma. Kutoka kanisani mpaka ukumbini ni mwendo mfupi. Papa alifika kwenye kona ya kukata kulia. Akakata kushoto.

"Anaenda wapi?"

"Kilomita bado kumi na nane na nusu," nilisema. "Anaenda kuzitafuta."

Yaya alipiga honi. Hilo lilikuwa kosa. Katika msafara wa ndoa honi ina maana moja tu, na magari yote nyuma yetu, na pikipiki zote, zikamjibu kwa furaha. Alipiga tena kwa hasira. Zikamjibu kwa furaha zaidi. Watu walitoka madukani kutupungia. Papa aliinua mkono mmoja kama rais.

Tulipita mbele ya bandari. Tulipita ofisi yake ya zamani, ambapo alipunguza mwendo makusudi, na mlinzi akasimama akapiga saluti. Tulizunguka rond-point, ule mzunguko wa barabara, mara tatu, na mara ya tatu askari wa barabarani alianza kucheza muziki wetu. Yaya aliwasha taa ya kupita.

"Unapita papa yako?" sauti ya mama ilitoka nyuma. "Siku ya ndoa?"

Taa ikazimwa.

Tukapanda kuelekea Tshopo, tukafika darajani, tukageuka, tukarudi. Katika gari la tatu mdogo wangu alitoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Papa! Tunasikia njaa!"

"Na mimi!" papa alijibu bila kugeuka. "Twende pamoja!"

Vumbi lilikuwa limeshafika kwenye shela. Bibi harusi, nilisikia baadaye, ndiye alikuwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu bwana wake alikuwa amemweleza habari ya kinga tangu siku ya mahari. Alivua viatu, akaomba maji, akaanza kuhesabu mizunguko.

Mwishowe tuliingia barabara ya ukumbi. Mwili wa papa ulikuwa umeinama juu ya usukani, koti limelowa mgongoni lote, puto moja imepasuka. Nilikuwa nikihesabu pia, kwa mita ya gari, na niliona namba ilivyokuwa ikija: pale mbele ya mlango wa ukumbi, karibu na zulia, ndipo ingetimia thelathini. Wapishi walisimama nje na vijiko vyao. Yaya alipumua kwa mara ya kwanza.

"Bon. Amefika. Imeisha."

Papa alifika mlangoni. Alitazama simu. Alitazama zulia.

Hakushuka. Akaupita mlango, akapita wapishi, akaendelea na barabara.

Yaya alinigeukia. "Si ni makumi tatu? Amepata! Anataka nini tena?"

Mimi nilicheka mpaka nikalia, maana mwalimu haoni mara nyingi somo likitembea lenyewe kwa magurudumu yake. "Anaweka akiba," nilimwambia yaya. "Siku ya makumi tatu kamili itaoza akitafuta makumi tatu na moja."

Msafara wote ulimfuata. Hakuna aliyethubutu kumpita. Alienda mpaka mwisho wa barabara, akageuka chini ya nguzo ya umeme, akarudi, na safari hii alishuka mbele ya zulia kwa utulivu wa mtu aliyefika ofisini mapema. Alinikabidhi simu. Niliisoma kwa sauti mbele ya kila mtu, kama hakimu: siku thelathini, za kilomita thelathini na kuendelea.

Yaya alinyoosha mkono. Papa hakuushika kwanza. Alimwekea usukani wa baiskeli mkononi.

"Ingiza ndani," alimwambia. "Pole pole. Maua yasianguke."

Na yaya, muuza mabati, aliisukuma baiskeli juu ya zulia, mbele ya bwana na bibi harusi, huku ukumbi mzima ukisimama.

Papa alikula sahani mbili. Alipopata pumzi alinivuta kando.

"Siku za makumi tatu na moja ninazo ngapi?"

Nilitazama. Nikamwambia ni chache, lakini ya leo ni mojawapo, na asikate tamaa.

Akatikisa kichwa polepole. Aliutazama ukumbi, magari nje, utepe, maua yaliyobaki kwenye kibebeo. Kisha akanitazama mimi, binti yake pekee ambaye bado hajatoka nyumbani, kwa jicho la mtu anayepanga njia ndefu.

"Na wewe, madame le prof," alisema. "Unaolewa lini?"